Mipira ya maji ya Hiace kuukuu: namna ya kuichagua na kuifunga isichomoke tena mlimani

"Mpira ni mpya kabisa, lakini umechomoka." Maneno haya nimeyasikia hapa Bukavu mara nyingi mno. Kwa kawaida anayeyasema ni dereva wa Hiace ya zamani aliyekwama kwenye mteremko wa Kadutu, abiria wameshashuka na wanadai nauli yao, mvuke unafuka chini ya kiti. Anabadilisha mpira. Wiki mbili baadaye yuko palepale, na lawama anampa muuza spea.

Mara nyingi muuza spea hana kosa, na mpira pia hauna. Kosa liko kwenye vitu vitatu ambavyo hakuna aliyevitazama: shingo ya bomba iliyoliwa na kutu, kolye (mkanda wa chuma unaobana mpira) iliyokaa mahali pasipo pake, na kofia ya rejeta iliyokufa. Ndiyo sababu vitu hivyo nimevipa nafasi kubwa hapa kuliko mpira wenyewe.

Kuhusu majina: mafundi wa huku husema diriti na kolye, wa Dar es Salaam au Nairobi watakuambia hozi na klipu. Mimi nitasema mpira na kolye.

## Vya kuwa navyo mkononi

Vikusanye vyote kabla ya kufungua hata skrubu moja. Gari lililomwagwa maji halikupeleki dukani.

- Mipira mipya (jinsi ya kuichagua iko hapa chini).
- Kolye mpya, mbili kwa kila mpira, na mbili za akiba.
- Kofia mpya ya rejeta.
- Kulanti (maji ya dawa ya kupoza injini), pamoja na maji safi ya kuchanganyia kama uliyonunua ni nzito.
- Beseni pana na safi, na dumu lenye alama za lita.
- Bisibisi bapa, soketi ya 7 na ya 8 kwa kolye, spana ya 10 na ya 12 kwa vifuniko, koleo.
- Wembe au kisu kikali, msasa laini wa namba 400, matambara, tochi.
- Jeki, na magogo mawili imara ya kuegemeza gari. Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.
- Simu ya kupigia picha.

Gundi ya silikoni iache dukani. Kuna mafundi wanaoipaka ndani ya mpira "ili kuzuia kuvuja". Kabla haijakauka inautelezesha mpira, na ikishakauka vipande vyake vinakatika na kuelea mpaka kwenye thermostati (kilango kinachofunguka maji yakipata moto) au kwenye vijia vyembamba vya rejeta. Grisi na oili nazo hazifai, kwa kuwa mpira wa maji ukilowa mafuta huvimba na kuwa laini kama uji.

Tenga nusu siku, na gari liwe limelala usiku kucha bila kuwashwa.

## Kuchagua mpira unaofaa

Anza na herufi za injini, usianze na mwaka wa gari. Hiace za umbo lililotoka 1989 zilifungwa injini mbalimbali: dizeli za 2L, 3L na 5L, petroli za 1RZ na 2RZ, na mipira yake haifanani. Herufi hizo zimepigwa kwenye bloku ya injini, na kwa kawaida zimo pia kwenye kibati cha chesisi. Zipige picha uende nazo.

Hesabu pia mipira iliyomo. Kuna wa juu, unaotoa maji ya moto kwenye injini kwenda rejeta. Kuna wa chini, unaorudisha yaliyopoa. Kuna ule mfupi wa baipasi (njia ya mkato ya maji isiyopita kwenye rejeta), uliojificha karibu na pampu ya maji, ambao hakuna anayeukumbuka mpaka upasuke. Halafu ipo ya hita. Hiace nyingi zilizotoka Japani zina hita mbili, ya mbele na ya nyuma, kwa hiyo mipira na mabomba yake hupita chini ya sakafu hadi nyuma. Ule mwembamba wa kwenda kwenye kitangi cha akiba ni wa mwisho.

Wa juu na wa chini uwe na umbo lake tangu kiwandani, kona zake zifuate kona za ule wa zamani. Usikubali mpira ulionyooka eti "utapinda wenyewe". Utapinda, lakini utajikunja pale penye kona na kuziba njia ya maji. Kwa hita unaweza kutumia mpira ulionyooka unaouzwa kwa mita, mradi upinde kwa duara pana.

Kipimo kinachohesabika ni cha ndani. Kama huna vania (kifaa cha kupimia kipenyo), zungusha uzi kwenye shingo ya bomba, pima urefu wake, gawanya kwa 3.14. Uzi wa milimita 110 unakupa shingo ya 35. Mpira uwe na kipimo hichohicho ndani, au upungue kwa milimita moja. Ukiingia wenyewe bila kusukumwa ni mkubwa, na hakuna kolye itakayouokoa.

Dukani, tazama mdomo wa mpira pale ulipokatwa. Uone tabaka la nyuzi katikati ya raba mbili. Usipoliona, huo ni raba tupu, na maji ya moto yatauvimbisha kama puto. Ubonye: ukubali kubonyea kisha urudi haraka. Mpira wa mafuta ya dizeli usiutumie kwa maji hata kama kipimo kinalingana, kwani raba yake haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Wa chini una jambo lake. Uko upande pampu inakonyonya maji, kwa hiyo injini ikikimbia unaweza kusinyaa na kujifunga. Baadhi huwekwa springi ya waya ndani. Ukiikuta kwenye mpira wa zamani na mpya hauna, tafuta mpira mwingine.

Na mtumba? Mpira wa mtumba una umri wa gari ulikotolewa. Usiununue, hata uwe umepakwa mafuta ukang'aa.

Kolye nayo ina saizi. Shingo ya 35 ukijumlisha unene wa mpira pande zote mbili unapata kama 44, hivyo kolye iliyoandikwa 32–50 inafaa. Kwa mipira mikubwa chukua bapa la milimita 12, lenye kingo zilizokunjwa zisije zikakata raba. Waya wa kufungia una kazi yake kwenye ujenzi. Kwenye mpira, unabana sehemu mbili na kulegeza iliyobaki, tena unakata.

## Hatua ya 1: Kagua yote ikiwa baridi

Bonya kila mpira kwa vidole viwili, hasa sentimita tano za mwisho karibu na kolye. Nyufa nyingi huanzia ndani, mahali hapo hapo, huku nje panaonekana pazima. Ukisikia kama kitu kinapasukapasuka ndani, au mwisho ni laini kuliko katikati, mpira umekwisha.

Uliokakamaa, uliovimba, ulioloa oili, au wenye ganda jeupe au la kutu kwenye kolye, andika. Ikiwa miwili imekwisha, badilisha yote. Ina umri mmoja.

Kuna dalili moja watu huidharau: asubuhi unakuta mpira wa juu umebonyea, umelala bapa. Hilo ni la kofia ya rejeta, na tutalifikia.

## Hatua ya 2: Egesha na ufungue kofia

Weka gari mahali tambarare, zuia magurudumu kwa mawe, ondoa kiti au kifuniko kinachoficha injini. Piga picha kila pembe, na kolye zinavyoelekea.

Onyo kubwa: usifungue kofia wakati injini ina moto. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji matupu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Ndani ya rejeta yanazuiliwa yasichemke na presha tu. Ukifungua, presha inaondoka mara moja, na maji yanachemka ghafla na kukurukia usoni pamoja na mvuke. Shika mpira wa juu kwa mkono: ukiweza kuendelea kuushika bila shida, funika kofia kwa tambara, izungushe hadi kituo cha kwanza, subiri, kisha ndipo uitoe.

## Hatua ya 3: Mwaga, na upime ulichomwaga

Fungua koki iliyo chini ya rejeta. Ikiwa imeganda usiilazimishe, ikivunjika umejiongezea kazi. Legeza mpira wa chini badala yake, beseni likiwa tayari.

Pima lita zilizotoka na uziandike. Utazihitaji kwenye hatua ya 7.

Tazama rangi. Maji ya kahawia yanasema kuna kutu, yanahitaji kusuuzwa mara mbili tatu. Utando kama maziwa yenye mafuta unasema oili imeingia kwenye maji, na hapo kubadilisha mipira peke yake hakutakusaidia.

Kulanti ni sumu, tena ina ladha tamu. Usiiache kwenye beseni uani ambako kuna watoto, mbuzi au mbwa, na usiimwage kwenye mtaro unaoteremka ziwani.

## Hatua ya 4: Vua mpira wa zamani

Legeza kolye, isukume katikati ya mpira. Jaribu kuuzungusha mpira kwanza. Ukizunguka, utatoka. Usipozunguka, uchane kwa urefu pale penye shingo kisha uubandue kama ganda la ndizi.

Usiingize bisibisi na kukwangua. Shingo za rejeta za shaba ni laini, zinabonyea, na za plastiki zilizozeeka huvunjika ghafla. Mpira tayari umeamua kuuacha, kwa nini uuhurumie na kuiumiza rejeta?

Vua mmoja, funga mmoja. Anayevua yote kwa pamoja hukosea ile ya hita.

## Hatua ya 5: Safisha shingo mpaka ing'ae

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Shingo ina tuta dogo karibu na mdomo, lililowekwa kusudi ili mpira usiteleze. Nyuma ya tuta hubaki mabaki ya raba ya zamani na kutu. Ukifunga mpira mpya juu ya uchafu huo, kolye inabana uchafu, maji yanapenya polepole, mpira unalegea.

Sugua kwa msasa laini kwa kuzunguka, usisugue kwa urefu, maana mikwaruzo ya urefu huwa mifereji ya kuvujia. Ya plastiki ifute kwa tambara lenye maji ya moto tu. Kisha pitisha ukucha: usikwame popote.

Ukikuta shingo ya chuma imeliwa mashimo, au tuta limekwisha kabisa, simama. Hakuna mpira utakaoshika hapo. Peleka kwa mchomeleaji anayejua aluminiamu au shaba, au badilisha kipande. Afadhali siku moja ya kusimama kuliko kupoteza injini. Mimi mwenyewe niliwahi kulifumbia macho shimo kama hilo, nikalizungushia kipande cha tyubu ya baiskeli, nikaelekea Uvira. Nilipokuwa narudi, katikati ya kupanda mlima wa Ngomo, tyubu na mpira vilitoka pamoja. Nilikaa pale hadi jioni nikihesabu malori.

## Hatua ya 6: Vika mpira, kaza kolye

Vika kolye mbili kwenye mpira kabla ya yote. Ni rahisi kusahau.

Lowesha ndani ya mpira kwa kulanti au maji yenye sabuni kidogo, usukume huku ukiuzungusha, mpaka upite tuta kwa sentimita mbili au tatu, au ufike mwisho wa shingo. Kona za mpira zikae bila kulazimishwa. Mpira uliojipinda kama nguo inayokamuliwa utajinyoosha siku moja, na utajinyoosha kwa kuchomoka. Usiguse feni, mkanda wala bomba la moshi.

Sasa kolye: ikae nyuma ya tuta, milimita tatu hadi tano kutoka mwisho wa mpira. Ikikaa juu ya tuta inabana mstari mwembamba tu na itateleza. Ikikaa mbele ya tuta haizuii kitu.

Tufanye hesabu kidogo. Kofia ya 0.9 (namba ya presha iliyoandikwa juu yake) ikishika presha yake, kwenye shingo ya milimita 35 mpira unasukumwa utoke kwa nguvu ya karibu kilo 9, tena kwa saa nzima, gari likitikisika. Kinachopinga ni tuta na kolye iliyo nyuma yake.

Kaza mpaka raba ianze kuinuka kidogo pembeni mwa bapa. Ikianza kuingia kwenye matundu ya kolye, umepitiliza. Kichwa cha skrubu kielekeze mahali bisibisi inapofika, kwa sababu utarudi kukikaza.

Mipira ya hita ya nyuma ikikushinda, unaweza kuiunganisha kwa mpira mmoja wa umbo la U ili maji yazunguke bila kwenda nyuma. Ila usiizibe kwa kipande cha mti. Mti hunywea ukikauka, na utaruka.

## Hatua ya 7: Jaza na utoe hewa

Maji ya Ziwa Kivu yako karibu na ni ya bure, lakini yana chumvichumvi nyingi zilizoyeyuka, nazo zinaganda ndani ya rejeta. Yaache ziwani. Kama kulanti yako ni nzito, changanya nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa ya dukani, au maji ya mvua yaliyokingwa moja kwa moja kwenye chombo safi, si yaliyopita kwenye bati lenye kutu. Usichanganye kulanti za aina mbili, na usiamini rangi. Soma maandishi.

Basi dogo ni gumu kutoa hewa kuliko taksi ya kawaida, kwa ajili ya yale mabomba marefu ya chini ya sakafu. Fanya hivi:

Pandisha pua ya gari kwa jeki na magogo, au egesha likitazama mlimani (Bukavu hilo halina shida), ili mdomo wa kujazia uwe juu kuliko sehemu nyingine. Weka hita kwenye moto kabisa, mbele na nyuma. Mimina polepole huku ukikamua mpira wa juu kwa mkono, uone mapovu yakitoka.

Washa injini, kofia ikiwa wazi. Acha iungurume taratibu dakika 15 hadi 20. Mpira wa juu utakaa baridi muda mrefu, halafu ghafla utakuwa wa moto: thermostati imefunguka. Maji yatashuka, ongeza. Mapovu yakiisha na hita ikatoa hewa ya moto, zima na ufunge kofia mpya. Jaza kitangi cha akiba hadi mstari.

Linganisha na lita ulizoandika. Ukimwaga nane na zimerudi sita, mbili ni hewa, na bado iko ndani. Rudia.

Fundi akikushauri uitoe thermostati "kwa sababu ya joto la Uvira", mkatalie. Kwenye injini nyingi za Toyota ikifunguka huwa inafunga pia njia ya baipasi. Ukiitoa, sehemu ya maji huzunguka kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemka zaidi mlimani.

## Hatua ya 8: Kofia, na mshtakiwa wa kweli

Kofia ina milango miwili. Mmoja unaachia presha ikipita kiwango, mwingine unaruhusu maji yarudi kutoka kitangini injini ikipoa. Wa kwanza ukiganda, mipira inachomoka. Ukilegea, maji yanachemka mapema, wakati kofia nzima ya 0.9 ingeyazuia hadi karibu nyuzi 115 hata kwa urefu wetu. Wa pili ukiganda, ndipo mpira wa juu unalala bapa asubuhi.

Nunua yenye namba ileile ya zamani: 0.9 huandikwa pia 88, na 1.1 huandikwa 108. Usipande kutoka 0.9 kwenda 1.1 ukidhani unaliimarisha gari. Unachofanya ni kuiongezea mzigo rejeta iliyochoka.

Kisha jaribio la mwisho. Asubuhi, injini baridi, kofia imefungwa, washa na ushike mpira wa juu. Ukikakamaa kama jiwe ndani ya dakika moja au mbili, kabla maji hayajapata moto, hiyo si presha ya joto. Ni gesi za injini zinazopenya kwenye gasketi ya silinda hedi. Huyu ndiye anayechomoa mpira mpya kila wiki mbili, na mtu anaweza kununua mipira kumi bila kumgundua.

## Hatua ya 9: Siku za kwanza

Jaribu kwa mlima mfupi kwanza, bila abiria. Kazi imefaulu ikiwa mshale wa joto unapanda hadi mahali pake na kutulia, hita ina moto, chini ya gari pakavu, na kesho yake maji ya kitangi yako palepale.

Raba mpya hujikandamiza ikipata moto na kupoa. Baada ya siku mbili au tatu, injini ikiwa baridi, kaza kila kolye robo mzunguko. Usipofanya hivyo utaona matone alfajiri yanayokauka gari likipata moto.

Mpira wa zamani ulio nafuu kuliko mingine uweke garini pamoja na kolye mbili na dumu la maji. Iliyobaki ikate vipande vipande kabla ya kuitupa, ama sivyo kuna kijana ataiokota, ataipaka oili kidogo, na mwezi ujao utaikuta mezani sokoni ukiuziwa tena.